Jicho, Risasi na Mguu: Juu ya Istilahi za Kinga na za Mapigano ya Karibu katika Vita vya Mezani

Makala haya yanakusudia kuchunguza maneno machache tu, nayo ni yale yatumikayo kueleza kanuni za kinga na za mapigano ya karibu katika mchezo wa vita vya mezani. Mchezo huu huchezwa kwa vijisanamu vya askari vinavyopangwa juu ya meza iliyotengenezwa mfano wa nchi, yenye vilima, mito, nyumba na miti. Wachezaji hupeana zamu. Mwendo wa askari hupimwa kwa rula, na matokeo ya kupigana huamuliwa kwa dadu. Kanuni zake nyingi zimeandikwa kwa lugha za kigeni, na kijana wa Kitanzania atakaye kumfundisha mwenzake hana budi kuzifasiri papo hapo mezani. Hapo ndipo lugha yetu inapojaribiwa, na hapo ndipo ugomvi huanza.

Mchezo wenyewe una historia ndefu. Mwaka 1824 afisa wa jeshi la Prussia, Georg Heinrich Rudolf Johann von Reisswitz, alitoa kanuni za mchezo ulioitwa Kriegsspiel, akiendeleza kazi iliyoanzwa na baba yake. Mchezo huo ulichezwa juu ya ramani, chini ya mwamuzi, nao ulitumiwa kufundishia maafisa. Mwaka 1913 mwandishi wa Kiingereza H. G. Wells alichapisha kitabu Little Wars, kinachoeleza vita vya askari wa kuchezea vilivyopiganwa sakafuni. Wells hakuhitaji kanuni ndefu ya kinga. Mizinga yake midogo ilirusha vipande vya mti kwa nguvu ya springi, na askari aliyesimama nyuma ya nyumba ya kuchezea alisalimika kwa kuwa kipande cha mti kiligonga nyumba. Lakini kwa askari wa pande mbili waliogusana ilimpasa aandike kanuni, maana sanamu haziwezi kupigana zenyewe: akaamuru wauane mtu kwa mtu.

Baadaye wachezaji wengi waliiacha mizinga ya springi wakashika dadu. Tangu hapo kazi iliyofanywa na ukuta wa kuchezea ilihamia kwenye neno. Ikiwa neno lina ufa, askari atapigwa kupitia ufa huo, na mwenye askari atalalamika kwa haki.

Tutazame sasa kanuni inavyotokea mtu anapofasiri kwa kufuata kamusi neno kwa neno. Mfano ufuatao tumeutunga wenyewe, lakini msomaji aliyewahi kusoma maelezo ya mashine au ya dawa yaliyofasiriwa haraka haraka atautambua ukoo wake:

“Kikosi kilicho katika kifuniko kinaweza kupunguza alama moja ya dadu ya adui. Kikosi kilicho karibu na adui kinaweza kushambulia kwa mapambano ya karibu. Kikosi kilicho nyuma ya kizuizi kikiguswa na kikosi kingine kitahesabiwa kuwa kimefunikwa.”

Makosa ya maneno haya ni manne. Kwanza, kifuniko ni cha chungu au cha sufuria. Hufunika kutoka juu, na hakuna Mswahili asemaye kwamba mtu aliyejibanza nyuma ya mti amefunikwa na mti. Pili, karibu ni neno lisilo na mpaka. Mtu aliye hatua kumi ni karibu, na mtu aliyekushika kola ni karibu pia. Tatu, kinaweza haikuelezwa: je, kikosi kina uwezo, kina ruhusa, au kimelazimishwa? Nne, katika sentensi ya mwisho msomaji hajui ni kitu gani kilichoguswa, kikosi au kizuizi, kwa sababu vyote viwili ni vya ngeli moja na kiambishi ki- chaweza kusimama mahali pa chochote kati yao.

Wako wasemao kwamba dawa yake ni rahisi: tulikope neno la Kiingereza na kuliandika kava. Hatupingi kukopa. Lugha yetu imekopa kwa manufaa makubwa. Lakini kava limekwisha kukopwa kwa kazi nyingine. Kuna kava la kitabu na kava la mto wa kiti. Zaidi ya hayo, kukopa hakutaondoa utata, kwa sababu utata umo katika jambo lenyewe. Hata wachezaji wa Kiingereza hubishana mezani juu ya neno hilo, maana katika kanuni zao nyingi hutumika mara kwa kilichomficha mtu na mara kwa kilichomsalimisha. Tukilikopa neno tutakuwa tumeukopa na ugomvi wake.

Basi tuanze na jambo kabla ya neno. Tuchukue nchi tunayoijua. Tuseme meza imetandazwa kwa sura ya nchi ya Murangi, katika Musoma Vijijini, mkoani Mara: upande mmoja maji ya Ziwa Viktoria, matete ukingoni, mawe makubwa yaliyosimama mashambani, na miji iliyozungushiwa ua. Tuwaweke askari wanne. Wa kwanza amechutama ndani ya matete. Wa pili yuko nyuma ya jiwe linalomzidi kimo. Wa tatu amesimama nyuma ya ua wa miiba iliyokatwa, unaopitisha macho kama chujio. Wa nne yumo ndani ya handaki lililochimbwa katikati ya shamba tupu, na kichwa chake chaonekana.

Mfasiri wa kifuniko atawapa wote wanne haki moja. Lakini mtoto achungaye mbuzi atakwambia kwamba hawako sawa. Aliye katika matete haonekani, ila risasi itakayofyatuliwa ovyo kuelekea matete haitazuiwa na matete. Aliye nyuma ya ua wa miiba aonekana, na risasi yampata, lakini adui amwendeaye mbio atakwama. Aliye katika handaki ajulikana alipo, ila sehemu kubwa ya mwili wake risasi haiifikii. Aliye nyuma ya jiwe amepata yote: haonekani, hapigwi, na amfuataye lazima azunguke.

Kwa hiyo vitu vinavyozuiwa ni vitatu, navyo ni jicho, risasi na mguu. Katika risasi tunaingiza kila kitu kirushwacho: mshale, mkuki wa kutupa, jiwe la kombeo. Rai yetu ni kwamba kila kimoja kati ya vitatu hivi kipewe istilahi yake, na kwamba istilahi ipimwe kwa swali moja tu: inazuia nini?

Kinachozuia jicho ni maficho. Neno hili halina ugomvi, maana kitenzi -ficha hakijapata kuwa na maana nyingine ila ya kuondoa kitu machoni.

Kinachozuia risasi ni kinga. Neno hili lahitaji maelezo kidogo, kwa sababu lina jamaa wengi. Twasema kukinga maji ya mvua, yaani kuweka chombo yakaingia humo. Katika methali isemayo kwamba kinga na kinga ndipo moto uwakapo, kinga ni kipande cha ukuni chenye moto, nalo ni neno jingine kabisa lililofanana kwa sauti tu. Lakini maana ya kuzuia madhara ndiyo iliyoshika nguvu katika matumizi ya leo, na ushahidi mkubwa ni jina la ugonjwa wa UKIMWI, yaani Upungufu wa Kinga Mwilini. Taifa zima lilijifunza jina hilo tangu miaka ya 1980, na hakuna aliyedhani kwamba mwili umepungukiwa na mahali pa kujificha. Wananchi walifahamu mara moja kwamba kinga ni kile kinachozuia dhara lisiingie. Istilahi iliyokwisha kueleweka hivyo na mamilioni ya watu haifai kupewa tena kazi ya kuficha.

Kinachozuia mguu ni kikwazo. Wengine watapenda kizuizi, na si kosa. Lakini kizuizi huzuia chochote, hata mawazo, hali kikwazo kimetokana na -kwaa, na mtu hujikwaa kwa mguu. Katika istilahi, neno lenye picha finyu hufaa kuliko neno lenye picha pana.

Sasa tuyatazame mapigano ya karibu. Hapa hatuna haja ya kwenda mbali, kwa kuwa watu wetu wana mchezo wao wa vita ambao kanuni zake zimekwisha kunolewa kwa Kiswahili kwa vizazi vingi, nao ni bao. Jamaa za mchezo huu zimeenea kote katika nchi za maziwa: Wasukuma wana isolo, Wajaluo wana ajua, Waganda wana omweso, na Wanyarwanda wana igisoro. Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, alijulikana sana kwa kulipenda bao. Bao la Kiswahili huchezwa kwa kete 64 juu ya mashimo 32, safu mbili kwa kila mchezaji, na lugha yake ni ya vita na ya mali kwa pamoja: mtu hula, huliwa, huwa na nyumba, huwa na mtaji.

Bao latufundisha mambo matatu juu ya istilahi zetu.

La kwanza ni kwamba mapigano hayaamuliwi kwa karibu. Kete huliwa ikiwa imo katika shimo linalokabili shimo ambamo kete ya mwisho ya mpinzani imeangukia, safu ya mbele kwa safu ya mbele. Shimo la pembeni yake, ingawa liko karibu sana kwa macho, halihusiki. Mpaka ni dhahiri. Ama mashimo yakabiliana ama hayakabiliani. Katika vita vya mezani mpaka ulio dhahiri hivyo ni mgusano. Kila kijisanamu kina kitako, yaani kibao kidogo kinachosimamia, na vitako viwili ama vimegusana ama havijagusana. Kwa sababu hiyo twapendekeza mapigano ya kushikana badala ya mapambano ya karibu. Mwendo wa kumfikia adui uitwe kuvamia. Hali ya kugusana iitwe kushikana. Na kutoka katika hali hiyo kuitwe kujinasua.

La pili ni kwamba jina zuri laweza kudanganya. Mgeni akisikia kwamba katika bao kuna nyumba, atafikiri kwamba kete zilizomo nyumbani zimesalimika. Sivyo. Nyumba huliwa kama shimo jingine lolote. Haki yake ni nyingine: wakati wa kunamua, mwenye nyumba akiwa katika mwendo wa kula, na kete yake ya mwisho ikaangukia nyumbani mwake, aweza kuchagua kulala hapo au kuendelea na safari. Kinga ya kweli katika bao la Kiswahili iko katika safu ya nyuma, ambayo haina jina la fahari lakini kete zake haziliwi. Na kinga hiyo nayo si sheria ya bao zote. Katika omweso, mashimo mawili yanayokabiliwa, la mbele na la nyuma, yakiwa na kete yote mawili, huliwa yote. Hivyo basi anayeandika kanuni asitegemee picha ya nyumba, ukuta au ngome imfanyie kazi. Aseme wazi ni nini kinachozuiwa.

La tatu, ambalo kwa maoni yetu ndilo kubwa, ni kutakasia. Katika hatua ya mtaji, mchezaji asiye na la kula hutakata, yaani husambaza kete zake pasipo kula. Akimaliza, na mpinzani naye akawa hana la kula, na likawapo shimo moja tu la mpinzani linalotishiwa kuliwa zamu ifuatayo, shimo hilo limetakasiwa. Mwenyewe haruhusiwi kuanzia kutakata katika shimo hilo ili kuziokoa kete zake, ingawa kuna vighairi, kama vile shimo hilo likiwa ndilo nyumba, au likiwa ndilo pekee lenye kete katika safu ya mbele. Hili ni wazo lile lile ambalo wachezaji wa vita vya mezani huhangaika kulieleza: askari aliyebanwa na adui hawezi kujiondokea atakavyo. Wazee wa bao wamelieleza kwa kitenzi kimoja chenye kiambishi cha kutendea. Sisemi kwamba tulihamishe neno kutakasia kutoka kwenye bao. Lina mahali pake. Nasema kwamba njia iliyotumika ndiyo ya kufuatwa. Ukiwa na -shika, waweza kupata -shikana kwa wote wawili, -shikwa kwa aliyevamiwa, na -shikia kwa mahali au sababu, wala hukuhitaji nomino tatu ndefu.

Turudi kwenye ugomvi unaozikutanisha istilahi zote. Askari yuko nyuma ya jiwe la Murangi. Adui amezunguka jiwe na kumvamia kwa panga. Je, jiwe bado lamsaidia? Kwa mfasiri wa kifuniko swali hili halina jibu, maana askari angali amefunikwa, na kila mchezaji atavutia upande wake. Kwa istilahi tatu jibu lapatikana bila kuongeza kanuni. Kinga huzuia kirushwacho, panga halirushwi, basi kinga haihesabiwi. Maficho huzuia jicho, walioshikana wameonana, basi maficho hayahesabiwi. Kinachobaki kuulizwa ni kimoja: je, mvamizi alipita juu ya kikwazo? Kama aliruka jiwe, mvamiwa apate faida ya kikwazo. Kama alizunguka penye njia, asipate kitu.

Kabla ya kuiandika kanuni upya, yatupasa kusema neno juu ya sarufi. Waundaji wa istilahi hupenda sana ngeli ya ki-vi kwa majina ya vitu, na si vibaya, lakini kikosi, kitako, kizuizi, kificho na kifuniko vikikutana katika kanuni moja, viambishi vyote hufanana na sentensi hupoteza macho yake. Faida mojawapo ya istilahi tunazozipendekeza ni kwamba zimo katika ngeli mbalimbali: kundi lina li-, maficho yana ya-, kinga ina i-, na kikwazo kina ki-. Kitenzi chenyewe kitamwambia msomaji ni nani afanyaye nini. Upatanisho wa ngeli ni mali ambayo lugha nyingi hazina. Ni aibu kwetu kuitupa kwa kuchagua majina kwa pupa.

Aidha, kitenzi -weza kiondolewe katika kanuni. Bao halisemi kwamba mchezaji anaweza kula. Mwenye la kula hana budi kula, hata kama kula huko kutamharibia. Mahali pa ruhusa tuseme ana ruhusa. Mahali pa lazima tuseme hana budi. Mahali pa katazo tuseme haruhusiwi.

Kwa kufuata rai hizi, kanuni yetu ya mfano ingesomeka hivi:

1. Kundi lililo katika maficho haliruhusiwi kulengwa na adui aliye mbali zaidi ya inchi 6.

2. Kundi lenye kinga likirushiwa silaha, mrushaji hana budi kupunguza 1 katika kila dadu.

3. Kundi likivamia, na katika njia yake pana kikwazo, mwendo wake hupunguzwa nusu.

4. Makundi mawili yameshikana pale askari wa kundi moja anapomgusa askari wa kundi la pili, kitako kwa kitako. Wakati wa kushikana, maficho na kinga havihesabiwi. Lakini kundi lililovamiwa kupitia kikwazo lina ruhusa ya kupiga kwanza.

5. Kundi lililoshikwa haliruhusiwi kurusha silaha wala kuondoka, ila kwa kujinasua katika zamu yake.

Tarakimu si kitu. Kila kundi la wachezaji litaweka zake. Linalotakiwa ni kwamba wachezaji wawili wasiofahamiana, mmoja wa Musoma na mmoja wa Unguja, wakisoma maneno hayo wafanye jambo moja.

Huenda msomaji akauliza kama inafaa kutumia kurasa za jarida la istilahi kwa mambo ya kuchezea. Jibu letu ni kwamba mchezo ni mahali pazuri pa kupimia istilahi, kwa sababu matokeo huonekana papo hapo na hakuna aumiaye. Maneno haya haya hutumika penye hatari. Mkufunzi wa mgambo akimwambia kuruta ashike kinga, na kuruta akalala nyuma ya majani marefu kwa kuwa katika kichwa chake kinga na maficho ni kitu kimoja, kosa hilo haliwezi kusahihishwa kwa kutupa dadu mara ya pili. Fundi wa mgodini ambaye ameambiwa kwamba turubai ni kinga ya mawe yaangukayo yuko katika hatari ile ile. Lugha ikizoea kutenganisha mambo mezani, itayatenganisha na shambani.

Udhaifu wa mapendekezo haya tunaujua. Kikwazo kimezoeleka sana katika lugha ya siasa na ya dini, na wengine wataona ni neno la mahubiri. Mapigano ya kushikana yaweza kumfanya mtu afikirie mieleka peke yake, na si panga au singe. Tunaikubali hoja hiyo, ila twaona afadhali picha ya mieleka, ambayo kila mtu ajua inaanza lini na inakwisha lini, kuliko karibu isiyo na mwanzo wala mwisho. Atakayeleta neno bora atakuwa ametusaidia, mradi alipime kwa swali lile lile: linazuia nini, na mpaka wake uko wapi?

Wala asione haya atakayejaribu, kisha akarudi kurekebisha. Mwalimu Nyerere alitoa tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare juu ya Kaizari mwaka 1963, na mwaka 1969 akaitoa tena ikiwa imesahihishwa kwa mkono wake mwenyewe, hali alikuwa na nchi nzima ya kuongoza. Kama yeye aliona maneno yake ya kwanza yastahili kupitiwa upya, nasi wafasiri wa kanuni na vijitabu hatuna udhuru. Tunawaalika wachezaji, wakufunzi na wazee wa bao wazijaribu istilahi hizi tatu pale wanapokutana, na watuletee habari ya mahali ziliposhindwa.